Malipo Yanayofika Ijumaa Jioni



Harusi ya Dar es Salaam huanza na mchango. Miezi mitatu minne kabla, kadi zinasambazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, kamati inaundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Vikao hufanyika Jumapili jioni, ahadi zinasomwa, makofi yanapigwa. Baada ya hapo ahadi hulala. Aliyeahidi laki mbili hutoa elfu hamsini mapema ili jina lake lisomwe, zilizobaki atazitoa wiki ya mwisho, katibu akishampigia simu mpaka amechoka. Mweka hazina naye ana utaratibu wake wa kulipa. Ukumbi kwanza, kwa sababu usipolipiwa geti halifunguliwi. Kisha chakula, vinywaji, mapambo, nguo za maharusi, magari. Mwisho kabisa wa orodha ndipo tulipo sisi watu wa mitambo, yaani sauti, taa, jukwaa, skrini na jenereta. Hela yetu huingia Ijumaa jioni. Sherehe ni Jumamosi.

Nimefanya kazi kwenye kampuni ya namna hiyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba hatari nyingi za kazi yetu hazianzii jukwaani. Zinaanzia hapo, kwenye siku ya malipo. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu wengi wanaonisikiliza sasa hivi wako kwenye kamati fulani, au watakuwa kwenye kamati kabla mwaka haujaisha.

Jumatano ndiyo siku ambayo ghala letu lingepaswa kuwa na kelele. Ndiyo siku ya kukagua nyaya moja moja, kuwasha kila spika isikike peke yake, kupitisha mkono kwenye maungio ya trasi, zile nguzo za aluminiamu zinazobeba taa, kutafuta palipopasuka au pini iliyopinda. Lakini kampuni ambayo haijapokea malipo ya awali haina hela ya dizeli, haiwezi kuita vibarua, haiwezi kukodi trasi za ziada kwa jirani. Basi Jumatano tunakaa. Alhamisi tunakaa. Bosi anapiga simu kwa mwenyekiti, mwenyekiti anamwelekeza kwa mweka hazina, mweka hazina anasema kesho. Ijumaa saa kumi na moja jioni ujumbe wa muamala unaingia kwenye simu, na hapo watu wote wanainuka kwa mpigo mmoja.

Fuso inapakiwa saa mbili usiku. Tunafika ukumbini saa tano, lakini ndani kuna sherehe ya mwingine, bado wanacheza, kwa hiyo tunasubiri nje kwenye maegesho, wengine wamelala juu ya makasha ya spika. Saa saba usiku wenzetu wanatoka na vyombo vyao, sisi tunaingia. Tunafunga hadi asubuhi. Watu wa mapambo nao wanafika alfajiri na vitambaa na ngazi zao, kila mmoja anataka eneo la mwenzake. Saa nne asubuhi tunajaribu sauti, mchana tunarekebisha taa, saa moja jioni wageni wanaingia, MC anashika maiki. Saa sita usiku muziki unazimwa. Wageni wanaondoka, sisi ndiyo tunaanza kufungua. Tukimaliza kupakia ni Jumapili saa kumi alfajiri.

Nimekuhesabia saa hizo kwa makusudi. Kutoka Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi alfajiri ni saa 35. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukijumlisha saa za ziada, siku moja isizidi saa 12. Inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Inasema kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sheria ni nzuri na iko wazi. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpa mtu usingizi wa Ijumaa usiku ikiwa kazi ya siku tatu imesukumwa ikaingia kwenye usiku mmoja.

Sasa nikuoneshe uchovu unapoingilia.

Jenereta imeegeshwa nyuma ya ukumbi. Kutoka hapo zinatoka kebo tano nene kwenda kwenye boksi la kugawia umeme: ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, nyutro na fezi tatu. Kuna mpangilio wa kuziunganisha, na fundi anayejiheshimu haubadilishi hata akishikiwa fimbo. Ethi kwanza, halafu nyutro, halafu fezi. Wakati wa kufungua ni kinyume, fezi zinatoka mwanzo na ethi inatoka mwisho. Sababu yake ni hii. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 230, na hizo ndizo zinazoliwa na mikisa, spika, taa, kompyuta, kila kitu. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikilegea wakati mzigo wa fezi moja ni mkubwa na wa nyingine ni mdogo, ule upande wenye mzigo mdogo unasukumiwa umeme kuelekea kwenye hizo 400. Vifaa havisubiri. Unasikia harufu ya plastiki inayoungua kabla hujaona moshi, na mikisa ya mamilioni imekufa, pengine na kompyuta ya DJ pia, na pengine mtu alikuwa ameishika.

Nyutro hulegea kwa sababu mtu hakuikaza mpaka mwisho. Kuikaza ni kuzungusha kiganja mara moja zaidi, mpaka usikie imegota. Mtu aliyepata usingizi huikaza bila kufikiri. Mtu ambaye macho yake yanafumba saa kumi alfajiri huamini kwamba ameikaza.

Ethi nayo ina shida yake kubwa kuliko nyutro: haionekani faida yake. Muziki unapiga bila ethi. Taa zinawaka bila ethi. Bwana harusi anaingia na matarumbeta na keki inakatwa, ethi haipo, na hakuna hata mmoja anayejua. Ili iwepo, lazima mtu apigilie nondo ya shaba ardhini. Kwenye viwanja vya Mbezi Beach au Kigamboni mchanga wa juu ni mkavu, haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo inataka kwenda chini sana, na pembeni unamwaga maji ndoo kwa ndoo. Fikiria kijana anagonga nyundo saa tisa usiku, jirani anatoka nje na tochi kulalamika, msimamizi anamwambia aache hiyo kitu aje asaidie kuinua skrini. Nondo inabaki nusu. Na wako mafundi, nasema kwa uchungu, wanaokata waya wa ethi kwa makusudi kwa sababu spika zina mvumo na wao wanataka mvumo uishe haraka. Dawa ya mvumo ni kutafuta chanzo chake, kufuata nyaya moja baada ya nyingine. Hiyo ni kazi ya saa nzima. Kukata ethi ni dakika moja. Kisha mwimbaji anakuja na mikono yenye jasho, anashika maiki ya chuma, huku mguu wake uko kwenye jukwaa lililolowa umande.

Kwenye sherehe za nje, ufukweni, kuna jambo lingine ambalo halijali ratiba ya kamati, nalo ni upepo. Wakati wa kusi kila mtu wa pwani anajua hali inavyokuwa alasiri. Mteja anataka bango kubwa nyuma ya jukwaa, jina la kampuni yake lisomeke kutoka barabarani. Bango la namna hiyo ni tanga la jahazi, ila jahazi lina nahodha wa kulishusha tanga na jukwaa mara nyingi halina. Na nguvu ya upepo haiongezeki kidogo kidogo kama watu wanavyodhani: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma inakuwa mara nne. Ndiyo maana jukwaa lililosimama vizuri saa nane mchana linaweza kuanza kulia kwenye maungio saa kumi.

Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonesho ya jimbo la Indiana kule Marekani, watu walikuwa wamekaa wakisubiri kundi la Sugarland lipande. Dhoruba ilikuwa inakaribia. Upepo ulitangulia mbele ya mvua, ukasukuma paa la jukwaa, likawaangukia watu. Walikufa saba, na miongoni mwao kulikuwa na mfanyakazi wa jukwaa na mlinzi. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba jengo lile la muda halikuwa na uwezo wa kutosha wa kuhimili upepo, na jambo la pili, ambalo mimi huwasomea vijana wetu kila mara, kwamba haikuwa wazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema onyesho lisimame na watu waondoke. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake. Nchi yenye wahandisi wengi, vifaa vingi, bima kubwa, na bado jambo likaja kukwama kwenye swali la nani aseme.

Huku kwetu swali hilo ni gumu zaidi, kwa sababu anayeona hatari ni kijana aliyeko juu ya trasi, na anayeamua ni mtu aliyevaa suti ambaye mgeni rasmi wake yuko njiani. Kijana atasema, "Mzee, upepo umezidi, tushushe bango." Ataambiwa avumilie dakika ishirini, Mheshimiwa akishapiga picha tutashusha. Kijana huyo hana mkataba. Posho yake ya siku iko mfukoni mwa huyo huyo anayemwambia avumilie. Unamtegemea aseme mara ya pili?

Nisieleweke kwamba kazi hii ni adha tupu. Kama ingekuwa hivyo nisingekaa. Ninaipenda, na ninataka kukwambia kwa nini.

Fikiria tumefunga mitambo kwenye uwanja wa wazi, watu wengi, spika kubwa ziko mbele na nyingine tumeziweka katikati ya uwanja ili walioko nyuma nao wasikie maneno. Ukiziwasha hivi hivi, walioko nyuma watasikia kila neno mara mbili. Sauti katika joto la Dar es Salaam husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Kama zile spika za katikati ziko mita 35 kutoka mbele, sauti ya jukwaani inazifikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati umeme umeshafika kitambo. Kwa hiyo unazichelewesha zile za katikati kwa muda huo huo, unasimama kwenye nyasi, mwenzako anagonga vijiti viwili jukwaani, unasikiliza. Ta-ta. Unaongeza kidogo. Ta-ta. Unaongeza tena. Halafu ghafla ni "ta" moja, safi, na uwanja mzima unakuwa kama chumba kimoja. Hakuna mgeni atakayekuja kukupongeza kwa hilo. Lakini bibi aliyekaa nyuma kabisa atamsikia mjukuu wake akila kiapo cha ndoa, na hatajua kwamba kuna mtu alimpimia masikio yake.

Na vuka bahari kidogo, nenda Unguja mwezi wa Februari. Tamasha la Sauti za Busara limekuwapo tangu 2004, na kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, pale Forodhani, ndani ya kuta ambazo Waomani walizijenga baada ya kumtoa Mreno. Kwa fundi sauti, tamasha lile ni chuo, kwa sababu wanashikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja, hakuna mtu kuja na wimbo kwenye kifaa na kufungua mdomo juu yake. Kundi la taarabu la zamani likipanda una fidla kadhaa, kanuni, udi, kodiani, dumbaki, na waimbaji nyuma. Udi una sauti ndogo ya ndani, dumbaki iliyo jirani ina sauti kali, na maiki uliyoiweka kwa ajili ya udi inasikia dumbaki vizuri zaidi kuliko udi wenyewe. Unaisogeza maiki upana wa vidole viwili, unaigeuza kidogo, unarudi mezani unasikiliza, unarudi tena jukwaani. Mzee wa udi anakutazama, anatabasamu, anapiga tena. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Wanamuziki waliumia, na watu walizungumza juu ya wanamuziki. Mafundi na vibarua waliokuwa wakingoja Februari kama mkulima angojavyo masika hawakutajwa na mtu.

Kazi ya msibani nayo nisiipite, maana imenifundisha. Simu hupigwa asubuhi, maziko ni alasiri. Unapeleka spika mbili, maiki mbili, jenereta ndogo inayowekwa mbali isisikike. Pale huwezi kusimama mbele ya wafiwa ukasema "moja, mbili, tatu" kwenye maiki. Fundi mwenye adabu huvaa visikilizio, husugua maiki kwa ukucha, husikia mwenyewe kwamba imefika, basi. Vijana hawaitani kwa sauti, huoneshana kwa mikono. Na nimeona jambo hili mara nyingi: msibani tunalipwa siku hiyo hiyo, mara nyingine kabla hatujafungua. Kuna mtu mmoja wa ukoo amekabidhiwa fedha, anauliza ni kiasi gani, anatoa, anashukuru. Familia ni zile zile, mifuko ni ile ile. Kwa hiyo siamini tena ninapoambiwa kwamba kamati ya harusi ililipa Ijumaa kwa sababu hela haikuwapo. Hela ilikuwapo, ilikuwa inasubiri mapambo yaongezwe.

Basi, mwenyekiti wa kamati unayenisikia, ombi langu kwako ni la kalenda. Sikuombi uongeze bei. Ukumbi unaulipa mapema kwa sababu una geti. Walipe watu wa mitambo nusu ya hela yao mwezi mmoja kabla, na sehemu kubwa ya iliyobaki ifike kabla ya Jumatano ya wiki yenyewe. Ukikodi ukumbi, uliza kama usiku wa kuamkia sherehe yako kuna sherehe nyingine, na kama ipo, uliza mafundi wataingia saa ngapi. Kama jibu ni saa saba usiku, tafuta ukumbi mwingine au sogeza tarehe. Na siku yenyewe, kabla wageni hawajafika, mwambie msimamizi wa mitambo akupeleke nyuma ya jenereta akuoneshe nondo ya ethi. Huhitaji kujua umeme. Muulize tu iko wapi, mtazame anavyojibu.

Kwa wenzangu wenye makampuni, nina maneno magumu kidogo. Tumezoea kuwalaumu wateja, na nimewalaumu hapa kwa muda mrefu, lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Vibarua tunaowachukua kijiweni Ijumaa usiku tunawajua kwa majina ya utani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, ulianza kazi mwaka 2015, waajiri wanauchangia. Sasa kijana akianguka kutoka kwenye trasi na jina lake halijaandikwa popote, mama yake ataanzia wapi kudai? Daftari la shilingi elfu mbili, jina kamili, namba ya simu ya ndugu, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Hilo halisubiri mteja alipe.

Pili, kwenye kila kazi awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha, na mteja amjue kwa jina kwenye mkataba kabla hajasaini. Huyo akisema bango linashuka, linashuka, Mheshimiwa amefika au hajafika.

Na la mwisho ni dereva. Kwenye kampuni nyingi dereva wa Fuso ni mbebaji pia, kwa sababu ni mikono miwili ya bure. Anashusha, anafunga, anashinda, anafungua, anapakia, kisha anapewa usukani saa kumi alfajiri, nyuma yake tani kadhaa za chuma na vijana sita wamelala juu ya maturubai. Dereva asibebe. Akishaegesha, apewe mahali pa kulala, mbali na muziki, na asiamshwe mpaka kamba ya mwisho imefungwa. Kampuni moja ninayoijua ilianza utaratibu huo, na vijana mwanzoni walinuna kumwona mwenzao amelala wakati wao wanatoka jasho. Hawanuni tena. Siku hizi wao wenyewe ndio wanaomtandikia.